Futi ya fundi na siku 45: shajara ya kijitabu cha maandiko ya ufunuo

14 Januari

Leo nimeanza rasmi. Kazi yenyewe ni kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya kikundi chetu cha usomaji cha Jumatano: maandiko ya ufunuo ya Wayahudi wa kale, yaani Danieli, Henoko, Ezra wa Nne na wenzao, pamoja na historia iliyoyazaa. Kisizidi kurasa 60. Kisomeke na mtu aliyeishia kidato cha nne. Na kila mnyama, kila pembe, kila hesabu ya siku ipewe tarehe na mahali pake kwanza, ndipo tuulizane inatuhusu vipi sisi.

Nina sababu. Nilipokuwa darasa la sita, mhubiri mmoja kwenye mkutano wa uwanjani alitutajia mwezi na mwaka ambao mnyama wa nne wa Danieli 7 angetokea. Wiki nzima nilikuwa naamka usiku kumpapasa mdogo wangu kama bado yupo kitandani. Mwezi ule ukaja, ukapita, na hakuna mtu mzima aliyetuambia neno. Tangu hapo nimetaka kujua watu wa kwanza kabisa kusoma maneno yale walikuwa wanamwogopa nani.

Jambo dogo nimelimaliza leo leo: sitaandika "fasihi ya kiapokaliptiki". Neno la Kigiriki apokalypsis maana yake ni kufunua kilichofunikwa, na "ufunuo" tunalo tangu utotoni. Maandiko ya ufunuo, basi.

21 Januari

Nimebandika karatasi za manila ukutani sebuleni. Kipimo ni sentimita 1 kwa mwaka 1. Kuanzia 332 KK, Aleksander Mkuu alipopita Yudea akielekea Misri, hadi 100 BK, inatoka mita 4 na sentimita 31. Ukuta haukutosha, chati imekata kona na kuingia nyuma ya kabati.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka vita. Aleksander alikufa Babeli mwaka 323 KK bila mrithi wa kueleweka, na majemadari wake wakapigana kwa miaka zaidi ya 20 wakigawana alichoacha. Ukoo wa Ptolemayo ukashika Misri, ukoo wa Seleuko ukashika Shamu na mashariki yake, na Yudea ikabaki katikati kama shamba la mpakani. Majeshi yalipita juu yake mara kwa mara. Mwaka 200 KK, pale Pania chini ya mlima Hermoni, Antioko wa Tatu aliwapiga Wamisri, na Yudea ikahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mkulima wa vilima vya Yudea alilipa kodi kwa wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Kosa la kurekebisha: nilikuwa nimeanza karatasi ya pembeni ya enzi za Babeli, nikaandika Belshaza mwana wa Nebukadreza, kama Danieli 5 inavyosema. Rekodi za Babeli zenyewe zinasema Belshaza alikuwa mwana wa Nabonido, na Nabonido ndiye mfalme wa mwisho, aliyehamia Tema huko Arabia kwa miaka kumi hivi na kumwachia mwanawe mji. Tena kati ya hati za Qumrani, zile za Kiyahudi zilizopatikana mapangoni kando ya Bahari ya Chumvi, kuna kipande kiitwacho Sala ya Nabonido: mfalme augua ngozi miaka saba huko Temani, na Myahudi mmoja anamfungua macho amjue Mungu wa kweli. Ukikiweka kando ya Danieli 4, ambamo Nebukadreza anakula majani nyakati saba, unaona hadithi ikisafiri. Masimulizi haya yalizunguka midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya kuketi ndani ya kitabu.

3 Februari

Henoko, sura 1 hadi 36. Nimeisoma mara tatu wiki hii.

Malaika 200 wanashuka juu ya Hermoni katika siku za Yaredi. Kwa Kiebrania jina Yaredi linafanana na kitenzi cha kushuka, na Hermoni linafanana na neno la kiapo cha laana, kwa hiyo msikilizaji wa kwanza alicheka na kutetemeka kwa pamoja. Kiongozi wao, Shemihaza, anasita. Anawaambia wenzake anaogopa watamkimbia, abaki na dhambi peke yake. Ndipo wote wanaapa pale mlimani. Nimesimama hapo kwa muda mrefu. Yeyote aliyewahi kuona watu wazima wakila njama anaijua ile hofu ya kuachwa peke yako na kesi.

Kisha Asaeli anafundisha wanaume kufua panga, ngao na deraya, na kuwafundisha wanawake bangili na wanja. Watoto wa malaika hao ni majitu. Yanakula jasho la watu mpaka linaisha, yanawageukia watu wenyewe, na nchi inalia mpaka kilio kinafika kwenye malango ya mbinguni. Wapo wataalamu wanaoona katika majitu hayo sura ya majemadari wa Aleksander, wale wafalme waliojiita wana wa miungu huku wakila nchi za watu. Naona hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyeishi katika karne ya tatu KK akiona tembo wa vita na kodi ya tatu kwa mwaka mmoja hakuhitaji kuelezwa jitu ni nini.

Nilikuwa nimevuta uzi mwekundu kwenye chati kutoka vita vya Pania hadi Hermoni ya Henoko, maana ni mlima ule ule. Nimeutoa. Nakala ya zamani kuliko zote ya sehemu hii iliyopatikana Qumrani ni ya nusu ya kwanza ya karne ya pili KK, na nakala hutanguliwa na kitabu. Wataalamu wengi wanaona sehemu hii ya Henoko ilikuwepo kabla ya vita ile. Uzi ulipendeza, lakini haukuwa wa kweli.

8 Februari

Nimekaa siku mbili juu ya neno moja. Malaika hawa kwa Kiaramu huitwa irin, na shina lake ni kuwa macho, kutolala. Nilitaka "wakeshaji". Halafu nikakumbuka Danieli 4 katika Biblia zetu: mfalme anamwona "mlinzi, naye ni mtakatifu" akishuka kutoka mbinguni. Ni neno lile lile la Kiaramu. Nimebaki na Walinzi, ili msomaji aone Danieli na Henoko wakizungumza lugha moja. Na mlinzi wa Kiswahili anafaa kuliko nilivyodhani: ndiye anayekesha getini ili sisi tulale. Walinzi wa Henoko waliacha lindo.

19 Februari

Ukurasa wa jinsi Henoko alivyotufikia umekamilika, na nimeufurahia.

Marabi hawakukipokea kitabu hiki katika Maandiko. Makanisa ya Wagiriki na Walatini yakakiacha nacho kikapotea, vikabaki vipande, pamoja na yale maneno ya Waraka wa Yuda yanayomnukuu Henoko kwa jina lake. Kikazima kote, isipokuwa Ethiopia. Kule kilitafsiriwa kwa Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, kikawekwa ndani ya Biblia ya Kanisa la Othodoksi la Tewahedo, na watawa wakakinakili kwa mkono kizazi hata kizazi. Mwaka 1773 msafiri wa Scotland, James Bruce, alirudi Ulaya na nakala tatu. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza, ya Richard Laurence, ilitoka 1821.

Kisha 1947 pango la kwanza la Qumrani likafunguliwa, na katika pango la nne vikaokotwa vipande vya Henoko kwa Kiaramu, nakala 11 kwa jumla, vilivyochapishwa na Józef Milik mwaka 1976. Vikalinganishwa na Ge'ez. Vipande ni vidogo, vingine kama ukucha, lakini vinathibitisha kuwa watawa wale wa nyanda za juu walibeba kitabu cha kweli cha kale. Sehemu moja tu, ile ya Mifano, sura 37 hadi 71, haikuonekana hata kipande kule Qumrani.

Sisomi Ge'ez. Nategemea tafsiri za wanaoisoma, na nimeandika hivyo ukurasa wa kwanza.

6 Machi

Nimefika 167 KK. Kwenye chati ya ukutani miaka yote mitatu ya Danieli imekaa ndani ya sentimita 3, na mambo ya kuandika hapo hayaenei hata kwa kalamu nyembamba. Nimelazimika kuandika kisa chote upya kwenye daftari.

Yote yalianza na mnada. Mwaka 175 KK Antioko wa Nne, aliyejiita Epifane, mungu aliyedhihirika, alikalia kiti cha Seleuko. Yasoni, ndugu wa kuhani mkuu Onia, akamwendea na ahadi ya talanta 440 za fedha apewe ukuhani mkuu, na nyingine 150 kwa ruhusa ya kujenga uwanja wa mazoezi wa Kigiriki hapo hapo Yerusalemu. Akapewa. Miaka mitatu baadaye Menelao akaongeza talanta 300 juu ya dau la Yasoni, akapewa yeye. Onia akauawa. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinaeleza kwamba makuhani waliacha dhabihu wakakimbilia mchezo wa kutupa kisahani. Unaposoma hayo unaelewa kwamba vita ilikuwa ndani ya nyumba kabla ya mfalme kuingia na jeshi.

Antioko alivamia Misri mara mbili. Mara ya pili, mwaka 168 KK, karibu na Aleksandria, alikutana na mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, aliyemchorea duara mchangani kwa fimbo na kumtaka ajibu kabla hajatoka ndani yake: anarudi nyumbani au anapigana na Roma? Akarudi. Danieli 11 inalisema tukio hilo kwa mstari mmoja, merikebu za Kitimu, yaani za Roma, zitakuja naye atavunjika moyo, na mara baada yake hasira inageukia agano takatifu. Na ndivyo ilivyokuwa. Yerusalemu ilishambuliwa, Sabato na tohara vikapigwa marufuku, vitabu vya Torati vikachanwa na kuchomwa moto, na mnamo Desemba 167 KK madhabahu ya kigeni ikawekwa juu ya madhabahu ya Hekalu. Hilo ndilo chukizo la uharibifu. Pembe ndogo ya Danieli 7, yenye macho ya mwanadamu na kinywa cha maneno makuu ni huyu.

Danieli 11 inafuata historia kwa usahihi wa kushangaza, vita kwa vita, ndoa kwa ndoa, mpaka mstari wa 39. Kuanzia 40 inasema mfalme huyu ataishinda Misri tena, kisha afe amepiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu. Antioko alikufa mwishoni mwa 164 KK, mbali sana, upande wa Uajemi. Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya tatu BK, aliliona hilo akalitumia kuwashambulia Wakristo, na tunaijua hoja yake kwa sababu Mtakatifu Jeromu aliiandika ili aipinge.

Mimi sioni haya juu ya mstari wa 40. Hapo ndipo ninapomsikia mwandishi. Mpaka mstari wa 39 anasimulia kilichopita kwa mdomo wa nabii wa zamani. Kuanzia 40 anainua macho, haoni kitu, bado anaandika. Mfalme yu hai. Walimu wenzake wanauawa. Naijua tarehe yake kwa miezi, jambo ambalo ni nadra kwa kitabu chochote cha kale.

7 Machi

La kuongeza kwa jana. Miaka ile ile iliandikwa njozi nyingine, ile ya wanyama katika Henoko 85 hadi 90. Historia yote ya dunia ni zizi: Adamu ni fahali mweupe, Israeli ni kondoo, mataifa ni fisi, mbwa na kunguru, na wachungaji 70 wanapewa kondoo kwa zamu, wanaua kuliko walivyoruhusiwa. Mwishoni kondoo mmoja anaota pembe kubwa, kunguru wanaiparamia kuivunja wasiweze. Ni Yuda Makabayo, kiongozi wa Wayahudi walioshika silaha dhidi ya Antioko, na kwa kuwa kifo chake cha 160 KK hakimo, njozi iliandikwa akiwa hai.

Mwandishi wa Henoko anampigia vigelegele. Danieli anawatazama wapiganaji hao hao na kuwaita, kama wengi wanavyouelewa mstari wa 11:34, "msaada kidogo". Mashujaa wake ni wenye hekima wanaofundisha wengi na kuanguka kwa upanga, na kwa ajili yao anasema neno ambalo Biblia ya Kiebrania haikuwahi kulisema waziwazi hivyo: waliolala mavumbini wataamka. Mfalme mmoja, mji mmoja, miaka ile ile, na waumini wawili hawakubaliani kuhusu upanga. Kurasa nne nilizotenga hazitoshi, nimefanya saba.

12 Machi

Usomaji wa kwanza wa rasimu. Ndugu zetu Wakatoliki walikuja na Biblia zao zenye Wamakabayo, sisi wengine tukasogeza viti tukasoma pamoja nao. Wengi wetu hatukuwahi kukifungua kitabu kile.

Nilipomaliza Danieli 11:40, yule mama mtu mzima tunayemwita Bibi, fundi cherehani wa siku nyingi, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Mwanangu, hao waliongoja, na siku zikapita. Walifanya nini?"

Nilisema nitajibu Jumatano ijayo. Sikuwa na jibu, na kijitabu changu chote hakikuwa nalo.

17 Machi

Danieli 12, mistari ya 11 na 12. Tangu sadaka ya kila siku iondolewe, siku 1,290. Na mstari unaofuata mara moja: heri angojaye na kuzifikia siku 1,335. Nilikuwa nimeipita mistari hii haraka kwa sababu wahubiri wameichosha.

Jana nilipita kwa Bibi kumsalimu, nikaiona futi yake shingoni, ile laini ya sentimita 150. Milimita 1,500. Nikamwomba aniazime. Milimita moja, siku moja.

Nimefunga nyuzi nne. Kwa hesabu ya Wamakabayo wa Kwanza, tangu chukizo liwekwe hadi Hekalu litakaswe upya ni miaka 3 na siku 10, takriban siku 1,100: uzi mweupe, sentimita 110. Danieli 8 inataja jioni na asubuhi 2,300, yaani siku 1,150 ukihesabu dhabihu mbili kwa siku: uzi wa bluu, 115. Kisha 1,290, uzi mwekundu. Kisha 1,335, mwekundu mwingine. Kati ya nyekundu mbili ni sentimita 4 na nusu, upana wa vidole vitatu.

Wataalamu wengi wanasoma hivi: hesabu moja ilifika, mwisho haukuonekana, na mkono mwingine, au mkono ule ule, ukaongeza. Siku 45. Mtu fulani aliamka asubuhi ya siku ya 1,291. Hekalu lilikuwa limeshawashwa taa zake, ndiyo, lakini wafu hawakuwa wameamka na wafalme walikuwa bado wafalme. Hakukichoma kitabu, wala hakuifuta namba ya kwanza. Aliiacha mahali pake, akaandika chini yake heri kwa angojaye.

19 Machi

Nimeipeleka futi. Nilianza kueleza, Bibi akaichukua mkononi, akaipitisha kati ya vidole kama anavyopima pindo, akasimama kwenye uzi wa tatu, akaenda hadi wa nne, akarudi. "Hapa ndipo pagumu," alisema. Hakuna aliyeongeza.

2 Aprili

Jibu lina nusu ya pili, nayo ni Ezra wa Nne. Padre mmoja rafiki yangu ananisaidia Kilatini chake. Asili ya Kiebrania imepotea, ya Kigiriki pia, tunasoma Kilatini, Kisiria, Ge'ez na tafsiri nyingine.

Mwaka 70 BK Tito, jemadari wa Roma, aliuteketeza mji wa Yerusalemu na Hekalu. Kitabu kinaanza kwa Ezra kitandani Babeli, mwaka wa 30 baada ya kubomolewa mji, na kila msomaji wa mwaka 100 BK hivi alijua Babeli ni Roma. Ezra hataki faraja ya haraka. Anamuuliza malaika Urieli kwa nini Babeli inastarehe na Sayuni imelala majivuni. Urieli anamjibu: nipimie uzito wa moto, nipimie upepo, nirudishie siku iliyopita. Ezra anasema afadhali tusingeumbwa kuliko kuteseka bila kuelewa. Sura baada ya sura, haachi.

Katika sura ya 11 anatokea tai kutoka baharini, vichwa vitatu na mabawa 12, ndege wa bendera za majeshi ya Roma. Na katika sura ya 12 mfasiri anasema: huyu ndiye ufalme wa nne aliouona ndugu yako Danieli, ila yeye hakufafanuliwa kama ninavyokufafanulia wewe sasa.

Nimeusoma mstari huo kwa sauti peke yangu chumbani. Kwa Danieli mnyama wa nne alikuwa Ugiriki. Miaka 260 baadaye Ezra anamwambia mbele ya watu kwamba ni Roma, kwa heshima, akimwita ndugu. Danieli naye alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa Yeremia: miaka 70 ya Yeremia akaisoma kama majuma 70 ya miaka. Waliongoja na siku zikapita walirudi kwenye kitabu wakakisoma upya, na wakaandika kuwa wamekisoma upya. Hawakujificha. Yule mhubiri wa uwanjani angeweza kurudi mwezi uliofuata, akakaa nasi.

23 Aprili

Kurasa 64. Nimeziacha nne za ziada zibaki.

Jumatano ya jana tulisoma Ezra wa Nne, sura 9 na 10, bila maelezo yangu. Ezra anamkuta mwanamke porini akilia, nguo zimeraruka, majivu kichwani. Aliishi miaka 30 bila mtoto, akapata mmoja, akamlea kwa taabu, na siku ya harusi kijana akaingia chumbani mwake akaanguka akafa. Ezra anamkemea: sisi sote tunamlilia Sayuni mama yetu, wewe unalilia mtoto mmoja? Kisha, akiwa bado anasema, uso wa mwanamke unang'aa, anapiga ukelele nchi inatikisika, na mahali alipokuwa amesimama kuna mji wenye misingi mikubwa. Ezra anaanguka chini kama maiti.

Bibi alitaka sehemu ya harusi isomwe mara mbili. Tuliisoma.

Baadaye aliomba futi yake, ana sare za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili. Nilitaka kuzifungua nyuzi kwanza. Akanizuia, akaivaa shingoni nazo zote nne.

Kesho napeleka rasimu kwa mchapaji.